Bajaji Ilikuwa Kibondo

Jumatatu, 2 Oktoba
Asubuhi mawingu mazito upande wa Burundi, upepo wa baridi. Mvua haikunyesha.

Saa nne nilikuwa shambani nachimba mashimo ya mahindi, simu ikaita. Bwana Godson, afisa maendeleo ya jamii, kutoka Kasulu mjini.

"Mama Epifania, kaa chini kwanza."

"Nipo shambani, Bwana Godson. Nikae wapi?"

Akacheka. Jina langu limepita. Nitapewa Tuzo ya Taifa ya Kujitolea, Dodoma, tarehe 5 Desemba. Mkoa mzima wa Kigoma nimetoka mimi peke yangu.

Wamenipa kwa sababu ya bajaji ya wagonjwa. Misimu mitatu nilizunguka na debe kanisa kwa kanisa, na msikitini pia, Kasulu, Kibondo, mpaka Munanila, nikiomba kila nyumba kibaba cha maharage. Tuliuza maharage, tukanunua bajaji yenye kitanda nyuma. Tangu ifike kitongojini kwetu, miaka miwili sasa, mgonjwa anafika kituo cha afya Makere kwa nusu saa badala ya saa tatu.

Jioni nilimwambia Laurent. Mume wangu si mtu wa maneno. Alisema, "Hongera, Mama Evaline." Baadaye akasema, "Bazilio anasema breki ya nyuma inalia."

Jumamosi, 7 Oktoba
Mvua ya kwanza, saa kumi na moja alfajiri mpaka saa mbili. Tumepanda mahindi robo tatu ya shamba.

Jumatano, 11 Oktoba
Jua, kisha manyunyu. Bwana Godson amekuja na pikipiki, viatu vimejaa tope. Kwao ni Rombo na bado hajazoea udongo wetu. Amenisomea fomu aliyoituma mwezi wa nane. Kuna sentensi ameipigia mstari: "Tangu chombo hiki kipatikane, hakuna mama hata mmoja aliyefia njiani." Ni kweli. Nimeangalia daftari la wajawazito ninaloandika kama mhudumu wa afya wa kitongoji, ukurasa kwa ukurasa. Ni kweli.

Jumapili, 15 Oktoba
Asubuhi ukungu. Katekista ametangaza habari ya tuzo. Watu wamepiga vigelegele. Nje, mzee Pasikali akanishika mkono mbele ya wote.

"Baba yake huyu alikuja hapa mwaka sabini na mbili, ana jembe moja na mbuzi mgonjwa. Leo Mrundi wetu anakwenda kukaa na wakubwa!"

Watu wakacheka. Mimi nikacheka pia. Nimezaliwa Makere, nina miaka arobaini na saba, na bado ni Mrundi wao siku za furaha na siku za ugomvi.

Kisha akauliza, "Na ngobyi yetu iko wapi siku hizi?"

Nikamjibu ipo, imetundikwa ghalani kwa jirani yetu Philomena.

Ngobyi ni machela yetu ya zamani, ya matete na miti miwili ya kubebea. Kila nyumba ilikuwa na zamu. Laurent akipuliza filimbi, watu wa zamu wanakuja hata kama wako mezani. Asiyekuja analipa faini ya mtungi wa pombe, na mgonjwa wa kwake anaweza kuachwa. Bajaji ilipofika, mimi ndiye niliyesimama kwenye mkutano nikasema tufute zamu na faini. Nilisema tumeondokana na kubebana mabegani kama magunia. Mkono mmoja tu ulipingana nami, wa Laurent. Sikuzungumza naye siku mbili. Niliona ananionea wivu.

Jumanne, 24 Oktoba
Mvua tangu usiku. Maharage yameota vizuri.

Alhamisi, 2 Novemba
Mvua siku ya tano. Njia ya bondeni imekatika katikati, pikipiki zinasukumwa. Nimepita nyumba kumi na moja za wajawazito. Ininahazwe, mkwe wa Philomena, miguu imevimba kidogo. Nimemhesabia mwisho wa mwezi. Mumewe Havyarimana yuko machimboni Geita. Nimemwambia aende akae karibu na kituo kuanzia tarehe 15. Akasema, "Nani atapalilia, Mama Evaline? Wewe?" Tukacheka.

Jumapili, 5 Novemba
Mvua asubuhi, jua saa sita, mvua tena. Bwana Godson amepiga simu. Watu wa tuzo wanataka picha za video za bajaji, iwe safi. Amepata Saidi wa Kibondo, fundi wa kupaka rangi na kuandika magari kwa mkono, hakuna kama yeye wilaya zote mbili. Siku mbili tu. Bajaji ikitoka nje ya kata lazima katibu wa kamati ya bajaji aruhusu, na katibu ni mimi. Nimempigia Bazilio, dereva wetu, nikamwambia aipeleke kesho.

"Mama, mvua hii?"

"Siku mbili, Bazilio."

Jumatatu, 6 Novemba
Mvua. Bajaji imeondoka saa kumi na mbili na nusu.

Jumatano, 8 Novemba
Mvua. Bazilio amepiga simu. "Rangi haikauki, mama. Hewa yenyewe ni maji matupu." Nimemwambia asubiri.

Ijumaa, 10 Novemba
Mvua ndogo. Naandika ya jana, kwa sababu jana sikuweza.

Saa nne asubuhi Philomena alimtuma mtoto wa jirani kuniita. Uchungu wa Ininahazwe ulikuwa umeanza tangu saa mbili, wiki tatu kabla ya hesabu yangu. Nilimpigia Bazilio. Yuko Kibondo, magurudumu yametolewa yasichafuke kwa rangi. Akasema atayarudisha, lakini hata akiondoka muda ule ni jioni kufika. Nikapigia kituo cha afya. Gari lao lilikuwa limempeleka mgonjwa Kasulu. Wakasema mleteni mtakavyoweza.

Saa saba na dakika kumi mtoto akazaliwa, wa kike, akalia. Tukashukuru. Lakini kondo la nyuma halikutoka. Tulisubiri, nikamweka mtoto anyonye, nikafanya yote niliyofundishwa kwenye semina. Damu ilianza kidogo, kisha haikuwa kidogo.

Laurent alipuliza filimbi saa nane kasoro. Zamani hakupuliza zaidi ya mara mbili. Jana alipuliza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Walikuja wawili: mzee Pasikali, ambaye magoti yake yamekwisha, na mwalimu Sylvesta, mtu wa Lindi, aliyeuliza filimbi hiyo ni ya nini. Laurent akaanza kukimbia nyumba kwa nyumba kwenye mvua. Baadaye aliniambia walivyomjibu mlangoni: "Si kuna bajaji?" "Mpigie Bazilio." "Zamu zilifutwa, kaka, waulize waliozifuta." Hilo la mwisho alinitajia bila kuniangalia.

Ngobyi tuliishusha ghalani. Mchwa walikuwa wamekula matete yote ya chini, na kuku alikuwa ametagia ndani. Laurent aliweka mguu, ukapita.

Wanaume sita walipatikana saa tisa na nusu: Laurent, Sylvesta na vijana wanne. Waling'oa mlango wa jiko la Philomena, wakaulaza, tukamfunga Ininahazwe juu yake kwa kanga tatu. Tuliondoka saa kumi kasoro robo. Philomena alibaki na kichanga.

Kubeba nako ni kazi ya kujifunza. Wafupi mbele wakati wa kupanda, warefu mbele wakati wa kushuka, hatua zipishane ili mgonjwa asiyumbe, na bega linabadilishwa bila kusimama. Wale vijana wanne hawajawahi kubeba mtu. Walitembea kama askari, mguu mmoja pamoja, na mlango ukawa unapanda na kushuka kama ungo wa kupepetea. Kila tulipoteleza alisogea chini, nami nilimshika kwapani nikimvuta juu. Laurent alikuwa anawafundisha njiani, kwa upole, kama mtu ana siku nzima: "Wewe Sylvesta, chelewesha kidogo. Hivyo. Hivyo hivyo."

Tulisimama mara tisa. Zamani ni mara mbili.

Kwenye kijito maji yalikuwa yanafika mapajani. Walijadiliana nani atangulie. Ininahazwe alifumbua macho akasema, "Mama Evaline, nasikia baridi." Nilimfunika na koti langu. Akasema, "Mtoto amekula?" Nikamwambia amekula. Walipofika ng'ambo niliweka mkono shingoni mwake. Saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini. Kituo kilikuwa bado kilomita sita.

Sylvesta alisema twende tu, labda. Laurent akasema, "Tunarudi." Wakati wa kurudi walibeba vizuri. Walikuwa wamejua.

Jumamosi, 11 Novemba
Mvua ilisimama saa nne, tukazika saa sita. Havyarimana hajafika, barabara imeziba huko mbele.

Bazilio alikuja makaburini, ametembea kutoka barabara kubwa. Baada ya udongo, wanaume walimzunguka.

"Bajaji ya wagonjwa umekwenda nayo matembezini Kibondo?"

"Nilitumwa."

"Na nani?"

Aliniangalia. Nilikuwa hatua tano kutoka kwake, nimesimama na Philomena, nimemshika mkono. Nilitazama chini. Bazilio akarudia, "Nilitumwa tu." Mimi ndiye niliyempa kazi ya udereva wakati hakuna aliyemtaka. Mmoja alimpiga kofi, mzee Pasikali akaamua ugomvi.

Nimeandika kama ilivyokuwa.

Jumapili, 12 Novemba
Mvua. Sikwenda kanisani.

Jumanne, 14 Novemba
Manyunyu. Bajaji imerudi. Kijana mwingine ndiye aliyeiendesha, kamati imemsimamisha Bazilio. Mimi ndiye niliyeandika barua ya kumsimamisha, kwa kuwa katibu ni mimi.

Ni nyekundu, inang'aa. Ubavuni wameandika kwa herufi nyeupe: EPIFANIA WA MAKERE, MSHINDI WA TUZO YA TAIFA. Watu wanasema wakubwa wa wilaya wana mambo, wameandika bila hata kumuuliza mwenyewe.

Tarehe 5 niliandika hapa kwamba walitaka iwe safi. Sikuandika yote. Kuosha kungetosha, Bwana Godson mwenyewe alisema hivyo. Mimi ndiye niliyeomba iandikwe jina langu, ndipo akanitafutia Saidi. Maandishi ndiyo yaliyohitaji rangi mpya, na rangi ndiyo iliyohitaji kukauka.

Alhamisi, 16 Novemba
Mvua. Mtoto amekunywa maziwa ya ng'ombe, nusu kikombe. Amehara.

Ijumaa, 17 Novemba
Mvua. Mtoto amekunywa. Hajahara.

Jumatatu, 20 Novemba
Jua kali mpaka saa nane. Nimekwenda Kasulu kumwona Bwana Godson. Nilimwambia fomu irekebishwe, ile sentensi si kweli tena.

Alifunga mlango, akanikaribisha kiti, akaniagizia soda. Si mtu mbaya. Macho yalikuwa mekundu, nadhani naye halali.

"Mama, fomu ilitumwa mwezi wa nane. Mwezi wa nane ilikuwa kweli."

"Sasa si kweli."

"Sasa wameshachapa kitabu cha washindi. Nikiandika leo, wataanza kuuliza bajaji ilikuwa wapi. Nitajibu ilikuwa Kibondo. Wataniuliza kwa ruhusa ya nani." Akanisogezea chupa ya soda. "Wewe unataka nijibu nini?"

Nilikunywa soda yote. Nikarudi.

Jumatano, 22 Novemba
Mvua. Tumepalilia mahindi. Laurent anasuka ngobyi mpya nyuma ya nyumba, matete aliyakata mwenyewe. Hajaniambia, nami sijamuuliza. Miaka miwili niliamini alinyoosha mkono ule kwa wivu. Leo nimemtazama anavyokaza fundo kwa meno, nikaona sijawahi kumuuliza kwa nini alipinga.

Alhamisi, 23 Novemba
Nimemuuliza. Amesema, "Chombo kinaharibika. Mtu wa zamu haharibiki, anachoka tu." Akaendelea kusuka. Mvua jioni.

Jumapili, 26 Novemba
Ukungu mpaka saa tatu. Philomena amekuja, mtoto mgongoni. Alikaa kwenye kigoda, hakutaka uji.

"Wanasema mtasomewa majina na kila mtu atasema neno."

"Ndiyo, Mama Havya. Neno moja moja."

"Na redio itatoa?"

"Watatoa."

"Basi mtaje mkwe wangu. Jina lake tu. Havya aliondoka kumtafutia mabati, amerudi kukuta kaburi limeota majani. Akisikia jina limetajwa mbele ya watu wakubwa, atajua mkewe hakufa kama kuku. Hilo tu."

Nikasema nitamtaja.

Alipokuwa anaondoka alisema, "Na yule Bazilio, Mungu amwone." Nikamsindikiza mpaka njia panda. Nilifungua mdomo mara mbili. Mara zote mbili nilimuuliza habari za mtoto.

Alhamisi, 30 Novemba
Mvua. Nimepita kwa Bazilio, mlango umefungwa. Mama yake alikuwa anaanika mihogo kwenye jiwe, jua likichungulia. Sikumsalimia kama inavyotakiwa. Akasema, "Yuko Kitanga anafyatua tofali. Nimwambie nini?" Nikasema hakuna.

Jumapili, 3 Desemba
Mawingu. Basi kutoka Kasulu saa kumi na moja alfajiri, mimi na Bwana Godson. Nimefika Dodoma usiku. Nimeandika kwenye karatasi ndogo: Ininahazwe, miaka ishirini na mbili, tarehe 9 Novemba.

Jumanne, 5 Desemba
Dodoma, asubuhi jua na vumbi, hakuna wingu.

Tulikuwa washindi kumi na wawili. Kulikuwa na mzee aliyechimba visima na dada mmoja asiyeona anayefundisha watoto. Niliwaheshimu wote. Tulikaa mstari wa mbele, viti vimevalishwa vitambaa vyeupe. Kwenye pazia kubwa walionyesha bajaji, nyekundu, na jina langu. Nilijua kila alama ya brashi.

Msemaji alisoma kwa sauti nzuri, "...na tangu chombo hicho kipatikane, hakuna mama hata mmoja aliyefia njiani." Ukumbi mzima ukasimama. Watu walipiga makofi na mama mmoja nyuma yangu akafuta machozi. Mgeni rasmi akanivalisha medali, akanipa cheti, akasema, "Mama, umetufundisha." Kisha kipaza sauti.

Karatasi ilikuwa mkononi. Niliona nikisema jina, watauliza ni nani, nami nitasema, na watauliza tena, mpaka tufike Kibondo. Niliyaona maswali yote yamepanga foleni. Nikasema, "Namshukuru Mungu, na wananchi wa Makere. Asanteni."

Bwana Godson alinishika bega niliporudi kwenye kiti. "Umefanya vizuri, mama." Nikamwondolea mkono. Hakushangaa.

Jumatano, 6 Desemba
Safarini.

Ijumaa, 8 Desemba
Asubuhi mvua kubwa, saa tano imekata. Nimefika nyumbani saa sita. Watu walikuwa wamesimama njiani na matawi. Niliwaomba waniache nioge kwanza. Sikuoga. Nilikwenda kwa Philomena na nguo za safari.

Alikuwa uani, mtoto mapajani, anachambua mbegu za maharage kwenye ungo. Hakusimama.

"Mwakeye, Mama Havya," nikamsalimu.

"Tulisikiliza," akasema. "Redio ya Havya betri zilikuwa zimekwisha, nikanunua mpya. Uani hapa walijaa watu. Ulipoitwa nikawaambia nyamazeni, sasa anamtaja."

Nilibaki nimesimama. Akaniambia nikae. Nikakaa chini. Akanipa mtoto, akachukua ndoo, akaenda mtoni, kama vile mimi ni jirani yeyote. Mtoto alikuwa amelala. Ana uzito sasa. Nilikaa pale karibu saa nzima, ungo mbele yangu, na sikuchambua hata mbegu moja.

Aliporudi alitua ndoo. "Bado upo?"

"Nipo."

"Haya, sema hapa. Hapa hakuna wa kukupigia makofi."

"Ininahazwe," nikasema. "Miaka ishirini na mbili. Tarehe tisa Novemba, saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini, ng'ambo ya kijito."

"Bajaji ilikuwa wapi?"

"Kibondo. Inapakwa rangi."

"Kwa nini?"

"Ili iandikwe jina langu. Afisa alitaka ioshwe tu. Jina nililitaka mimi."

Akakaa polepole kwenye kigoda.

"Na Bazilio?"

"Alinikatalia. Alisema mvua hii. Mimi nikamwambia aende."

Nilisubiri Philomena apige kelele, waje watu, nianze kujibu. Badala yake alinyoosha mikono akamchukua mtoto, taratibu, asiamke. Akamfunga mgongoni. Akaokota ungo.

"Siku ile makaburini," akasema, "mkono wako ulikuwa ndani ya mkono wangu."

"Ndiyo."

"Nilidhani unanishika nisianguke."

Akaingia ndani. Mlango wa jiko bado haujarudishwa, kwa hiyo nilimwona anavyokwenda mpaka kwenye mafiga, akanipa mgongo, uso wa mtoto umeelekea kwangu. Nilisubiri kidogo. Hakugeuka.

Nimemwambia Laurent yote, aliyoyajua na asiyoyajua. Kesho alfajiri nakwenda Kitanga kwa miguu kumtafuta Bazilio, na Jumapili nitayasema haya nje ya kanisa, akiwepo. Laurent aliuliza kama nataka anisindikize Kitanga. Nimesema hapana. Barua kwa watu wa tuzo nimeiandika, kurasa mbili, tarehe na saa zote zimo, na medali nimeifunga pamoja nayo. Mvua imeanza tena saa nne usiku, ya taratibu, isiyo na upepo.

Nalala sasa, saa nane na dakika hamsini usiku.